Ramani ya uwezo wa nishati ya jua kwenye majengo ya mjini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ramani ya namna hii inaonyesha nini hasa?

Inaonyesha, kwa kila jengo, ni mionzi kiasi gani ya jua hulifikia paa lake kwa mwaka, na ni umeme kiasi gani unaweza kuzalishwa hapo. Ikitengenezwa vizuri hutoa jibu kwa kila upande wa paa, maana pande mbili za paa moja zinaweza kutofautiana sana.

Kuna ngazi nne za uwezo ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni uwezo wa kimaumbile: mionzi yote inayoangukia mji. Ya pili ni uwezo wa kijiografia: mionzi inayoangukia mapaa yanayofaa tu. Ya tatu ni uwezo wa kiufundi: umeme unaobaki baada ya kuondoa hasara za paneli, nyaya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa umeme wa matumizi ya nyumbani). Ya nne ni uwezo wa kiuchumi: sehemu ya umeme huo ambayo mwenye jengo akiizalisha atarudisha gharama. Namba hupungua sana kutoka ngazi hadi ngazi. Ukionyeshwa tarakimu moja kubwa ya mji mzima, uliza kwanza ni ya ngazi ipi.

Kwa nini tusitumie tu wastani wa mionzi ya mji? Jua si lile lile?

Jua ni lile lile, na data zake ni rahisi kupata. Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia, iliyofunguliwa mwaka 2017, PVGIS ya Tume ya Ulaya na NASA POWER zote hutoa mionzi ya eneo lolote zinalolifikia bila malipo. Ndani ya mji mmoja, mionzi inayoangukia uso bapa ulio wazi haitofautiani sana kati ya mtaa na mtaa, isipokuwa pale penye mlima au ukungu wa pwani.

Kinachotofautiana ni mji wenyewe. Paa moja limefunikwa na kivuli cha ghorofa la jirani mpaka karibu adhuhuri, la pili limeinama upande usiofaa, la tatu lina matangi na antena kiasi kwamba nafasi iliyobaki ni vipande vipande. Kwa hiyo kazi kubwa ya ramani hii ni kupima vimo, mwinamo na vivuli. Anayetumia muda wake mwingi kutafuta data bora zaidi ya jua huku modeli yake ya mapaa ni mbovu ameanzia mwisho.

Nahitaji data zipi kabla ya kuanza?

Vitu vitatu. Kwanza, modeli ya uso, yaani rasta (ramani ya seli ndogo za mraba, kila seli na thamani yake) inayoonyesha kimo cha kila kitu kinachoonekana kutoka juu: ardhi, mapaa, miti. Usiichanganye na modeli ya ardhi, ambayo majengo na miti vimeondolewa. Ukiitumia hiyo utapata mji usio na kivuli hata kimoja. Pili, michoro ya majengo. OpenStreetMap inayo kwa miji mingi, na mkusanyiko wa Open Buildings wa Google unafunika Afrika na sehemu kubwa za Asia ya Kusini, Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini. Kila jengo humo lina alama ya uhakika, na alama za chini zichuje, la sivyo utahesabu miamba na malori kama nyumba. Tatu, data za mionzi na joto la hewa za mahali hapo, angalau kwa kila mwezi.

Kwa modeli ya uso, chanzo bora ni LiDAR, yaani upimaji kwa leza kutoka kwenye ndege. Angalia msongamano wa nukta, yaani mahali leza ilipogonga na kupima kimo. Nukta 1 kwa mita ya mraba inatosha kujua kimo cha jengo lakini haitoshi kujua umbo la paa. Kuanzia nukta 4 hivi unaanza kuona pande za paa, na kuanzia 8 unaziona vizuri.

Kuna modeli za bure za dunia nzima zenye seli za mita 30. Hazifai?

Kwa mapaa hazifai. Seli moja ya SRTM, AW3D30 au Copernicus GLO-30 ina eneo la mita za mraba 900 hivi. Nyumba kadhaa humezwa ndani ya seli moja. Zina kazi moja tu hapa, nayo ni kukokotoa upeo wa macho wa mbali: milima inayozuia jua la asubuhi au la jioni.

Mji wetu haujapigwa LiDAR. Tufanyeje?

Kwa mtaa au kata moja, rusha droni. Picha zipishane kwa asilimia 75 hadi 80 kwenye mstari wa mbele na asilimia 70 kati ya mstari na mstari, pikseli iwe sentimita 3 hadi 5 ardhini, na uweke alama za udhibiti ardhini zilizopimwa kwa GPS ya usahihi wa sentimita. Bila alama hizo modeli inaweza kujipinda kama sahani: katikati ya eneo iko chini au juu kuliko pembeni, na mapaa bapa yanaonekana yameinama.

Tatizo la droni ni mabati mapya. Uso unaong'aa na usio na madoa hauipi programu alama za kulinganisha kati ya picha na picha, kwa hiyo modeli hutoka na mashimo au vichuguu visivyokuwepo. Rusha siku yenye mawingu mepesi yaliyotanda sawasawa, ongeza mstari mmoja wa picha zilizoinamishwa, na kagua kwa macho mapaa yote ya mabati kabla ya kuendelea. Paa ambalo modeli yake imeharibika likadirie kwa mkono: pima mwinamo kutoka picha ya pembeni, weka bapa lenye mwinamo huo.

Kwa mji mzima usio na fedha za ndege, inabaki picha za setilaiti za jozi (mahali pamoja palipopigwa kutoka pembe mbili) au makadirio ya vimo vya majengo. Hapo utapata kivuli cha jengo kwa jengo kwa kukadiria, lakini mwinamo wa paa hutaujua. Sema hivyo wazi kwenye ramani.

Hatua za kazi ni zipi?

Anza kwa kusafisha wingu la nukta, yaani mkusanyiko wa nukta zote za leza. Katika uainishaji wa kawaida wa LiDAR, daraja la 2 ni ardhi, la 5 ni mimea mirefu na la 6 ni majengo. Programu ya PDAL inafanya kazi hii bila malipo. Ondoa ndege wanaoruka, nyaya za umeme na nukta zinazoelea hewani. Nukta moja tu iliyoachwa mita 80 juu ya paa itatupa kivuli kama mnara.

Kisha tengeneza modeli ya uso yenye seli za nusu mita, katika mfumo wa viwianishi unaotumia mita, kwa mfano UTM. Ukibaki kwenye digrii za latitudo na longitudo, programu italinganisha digrii kwa mlalo na mita kwa wima, na kila paa litatoka na mwinamo wa karibu digrii 90. Mashimo madogo yajaze, lakini usilainishe modeli nzima, kwa kuwa kulainisha hula kingo za mapaa na kufupisha vivuli.

Hatua ya tatu ni kulinganisha michoro ya majengo na modeli. Michoro iliyochorwa kutoka picha za angani mara nyingi imesogea mita 1 hadi 3, kwa sababu jengo refu linaonekana limelala kwenye picha. Sogeza mpaka kingo zipatane, kisha punguza kila mchoro kwa nusu mita kuelekea ndani ili seli za ukutani zisihesabiwe kama paa.

Ya nne ndiyo inayotenganisha ramani nzuri na ya kubabaisha: kupata bapa za paa, yaani kila upande wa paa ulionyooka, hata kama umeinama. Wengi hukokotoa mwinamo na mwelekeo seli kwa seli, na matokeo huwa na makelele. Waya uliolala juu ya paa bapa unatosha kuzipa seli zilizouzunguka mwinamo wa digrii 15. Njia bora ni kutafuta bapa zenyewe kwa mbinu kama RANSAC (ya kutafuta bapa linalopita kwenye nukta nyingi na kupuuza zilizopotoka), au kwa kukuza eneo kutoka seli zenye mwelekeo unaofanana, kisha kila bapa lipewe mwinamo mmoja na mwelekeo mmoja. Hesabu ya mionzi itumie bapa hilo. Hesabu ya kivuli iendelee kutumia modeli ya uso kama ilivyo. Inua kidogo nukta ya kukokotolea, sentimita 10 hadi 20 juu ya paa, ili ukwaruzo wa modeli usilitie paa kivuli chake lenyewe.

Ya tano, kokotoa vivuli na mionzi. Ya sita, sahihisha kwa mawingu. Ya saba, toa maeneo yasiyotumika na ugeuze mionzi kuwa umeme. Hizi tatu zina maswali yake hapa chini.

Kivuli kinakokotolewaje?

Kwa kila seli na kwa kila upande wa dira, programu hutafuta pembe ya kitu kirefu zaidi kinachoziba anga. Jua likiwa chini ya pembe hiyo, seli iko kivulini. GRASS GIS, programu ya bure ya ramani, hufanya hivi kwa moduli ya r.horizon, na r.sun hutumia matokeo hayo kukokotoa mionzi. Ukichagua hatua ya digrii 30 utapata pande 12 tu, na mnara mwembamba unaweza kupotea katikati ya pande mbili. Digrii 10 au 15 zinatosha kwa miji mingi. Katikati ya maghorofa shuka hadi 5.

Urefu wa kivuli ni kimo kilichogawanywa kwa tanjenti ya pembe ya jua. Jengo la mita 10 linatupa kivuli cha mita 17 jua likiwa digrii 30, na mita 37 jua likiwa digrii 15. Jengo la mita 60, jua likiwa digrii 10, linatupa kivuli cha mita 340. Ndiyo maana mji ukikatwa vipande ili kompyuta isilemewe, kila kipande lazima kibebe ukanda wa ziada wa kandokando, mita 300 hadi 500 kutegemea vimo vya majengo. Ukisahau ukanda huo utaona mistari iliyonyooka kwenye ramani ya mwisho, mapaa ya upande mmoja yakiwa mazuri kupita kiasi.

Kivuli kinazuia mionzi ya moja kwa moja tu. Mionzi iliyotawanyika na mawingu na vumbi hutoka anga lote, na paa lililozungukwa na maghorofa hupungukiwa nayo pia kwa sababu linaona sehemu ndogo ya anga. Katika miji yenye mawingu mengi sehemu hii inaweza kufika nusu ya mionzi yote ya mwaka, kwa hiyo usiiache.

Miti ina shida yake. LiDAR ikipigwa msimu ambao majani yamepukutika, leza hupenya na mti huonekana kama fimbo. Ni afadhali kuuhesabu mti kama kitu kisichopitisha mwanga kabisa na kupata makadirio ya chini kidogo kuliko kumwahidi mtu umeme ambao mwembe wa jirani utauzuia.

Lazima nikokotoe siku zote 365?

Hapana. Tumia siku moja wakilishi kwa kila mwezi, kisha zidisha kwa idadi ya siku za mwezi huo. Siku zinazotumika sana ni za namba 17, 47, 75, 105, 135, 162, 198, 228, 258, 288, 318 na 344 za mwaka. Ndani ya siku, hatua ya nusu saa inatosha. Saa nzima huruka vivuli vya majengo membamba.

Kwa nini matokeo yangu ni makubwa kuliko ya Global Solar Atlas?

Karibu kila mara ni kwa sababu umekokotoa anga lisilo na wingu. r.sun usipoipa taarifa ya mawingu hudhani anga halina wingu mwaka mzima, na kipimo cha uchafu wa hewa, kinachoitwa Linke, hukiweka 3.0 kwa chaguo-msingi. Chukua mionzi halisi ya kila mwezi kwa uso bapa ulio wazi kutoka chanzo cha setilaiti, gawanya kwa mionzi ya anga safi uliyokokotoa mahali hapo hapo, upate kigawo cha mwezi. Usizidishe kigawo kimoja kwa kila kitu: mawingu hupunguza mionzi ya moja kwa moja na wakati huo huo huongeza iliyotawanyika, kwa hiyo kila moja iwe na kigawo chake.

Eneo la paa linageukaje kuwa umeme?

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Upande wa paa kwenye ramani una urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 80. Mwinamo ni digrii 30. Ramani imeuona kutoka juu, kwa hiyo eneo lake la kweli ni 80 gawanya kwa kosaini ya digrii 30, ambayo ni mita za mraba 92.4. Anayesahau hatua hii anapoteza zaidi ya asilimia 13 ya paa.

Acha nusu mita kila upande kwa ajili ya upepo, usalama wa zimamoto na fundi wa kupita. Inabaki mita 9 kwa 8.24, kama mita za mraba 74. Paneli ya kawaida ya wati 430 ina vipimo vya mita 1.722 kwa 1.134, takriban mita za mraba 1.95. Ukigawanya eneo kwa eneo unapata paneli 38. Sasa zipange kweli, ukiacha sentimita 2 kati ya paneli na paneli. Zikisimama wima zinaingia 7 kwa 4, yaani 28. Zikilala zinaingia 5 kwa 7, yaani 35. Paa ni lile lile, ila kati ya 28 na 38 kuna tofauti ya zaidi ya robo. Kwa sababu hiyo, ramani inayolenga kumshauri mwenye nyumba ipange mistatili ya paneli kwa njia zote mbili na kuchagua iliyo bora, badala ya kuzidisha eneo kwa asilimia fulani ya kubuni.

Paneli 35 ni kilowati 15. Ikiwa bapa hilo hupata, baada ya kivuli na mawingu, kWh 1,750 kwa mita ya mraba kwa mwaka, na uwiano wa utendaji ni 0.78, umeme ni 15.05 × 1,750 × 0.78, kama uniti 20,500 kwa mwaka.

Uwiano wa utendaji unabeba hasara zote: joto, vumbi, nyaya, inveta na tofauti ndogo kati ya paneli. Kwa kawaida huwa kati ya 0.75 na 0.85. Joto ndilo linalobadilika zaidi kati ya mji na mji. Hewa ikiwa nyuzi joto 30 na jua wati 800 kwa mita ya mraba, seli za paneli yenye hewa ya kutosha nyuma yake hufika kama nyuzi 55. Hizo ni nyuzi 30 juu ya 25, kiwango ambacho paneli hupimiwa kiwandani. Kwa upungufu wa asilimia 0.35 kwa kila nyuzi, unapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu. Paneli zilizobanwa karibu kabisa na mabati hupoteza zaidi.

Mapaa bapa yanahesabiwaje?

Hapa paneli huwekwa kwenye vitako vilivyoinamishwa, na safu moja isiitie kivuli ya nyuma yake. Paneli iliyolala, yenye upana wa mita 1.13, ikiinamishwa digrii 10, ukingo wake wa nyuma hupanda sentimita 20 hivi. Jua likiwa digrii 20 kivuli chake ni sentimita 54, na paneli hufunika asilimia 68 ya nafasi. Ikiinamishwa digrii 30, ukingo hupanda sentimita 56, kivuli ni mita 1.55, na zinafunika asilimia 45 tu. Kila paneli ya digrii 30 inaweza kuzalisha zaidi kidogo mahali palipo mbali na ikweta, lakini paa zima huzalisha kidogo kwa sababu paneli ni chache. Kwa ramani ya mji, tumia digrii 10 kwa mapaa bapa yote isipokuwa una sababu mahususi. Chini ya hapo mvua haioshi vumbi vizuri.

Karibu na ikweta mwelekeo wa paa una umuhimu?

Kidogo sana kwa mapaa yenye mwinamo mdogo. Jua hupita kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine, hivyo pande zote mbili hupata zamu. Ukiambiwa kanuni ya "paneli zitazame kusini", hiyo ni ya nchi zilizo mbali kaskazini mwa ikweta. Katika latitudo za chini, kinachoamua ni vivuli na, pale ambapo mawingu hujikusanya alasiri, kama paa linatazama mashariki au magharibi. Ramani ionyeshe mapaa ya pande zote. Kichujio kinachotupa pande zisizotazama kusini, kilichonakiliwa kutoka mradi wa latitudo 50, kitatupa nusu ya mapaa mazuri bila sababu.

Na kuta?

Rasta ya kawaida haiwezi kuziwakilisha, kwa kuwa kila seli ina kimo kimoja tu. Tumia modeli za majengo za pande tatu, au zana ya SEBE iliyo ndani ya programu-jalizi ya UMEP kwenye QGIS, programu nyingine ya ramani. Uswisi, kwa mfano, ina ramani ya taifa ya mapaa na ya kuta pia. Kuta hufaa zaidi kwenye latitudo za juu ambako jua la majira ya baridi hukaa chini.

Makosa gani hujitokeza mara nyingi, na nitayatambuaje?

La kwanza ni mwelekeo kuhesabiwa kutoka dira mbili tofauti. GDAL, zana ya bure ya kuchakata rasta, huhesabu kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa. GRASS huhesabu kutoka mashariki kinyume cha saa. Ukichukua rasta ya mwelekeo kutoka GDAL na kuipa r.sun bila kugeuza, mapaa ya kaskazini yatahesabiwa kuwa ya mashariki, na ya mashariki kuwa ya kaskazini. Dalili: ramani inaonekana nzuri kabisa, ila tofauti za msimu hazieleweki. Jaribu kwa paa moja unalolijua kabla ya mji mzima.

La pili ni mapaa bapa kutoweka. GDAL hukipa kila kilicho bapa kabisa thamani ya -9999, na hatua inayofuata hukiona kama hakuna data. Kiwanda chenye paa kubwa kuliko yote mjini kinakuwa shimo jeupe.

La tatu ni saa. r.sun hutumia saa ya jua, ambayo adhuhuri yake ni pale jua linapovuka mstari wa kaskazini-kusini. Saa ya ukutani inaweza kutofautiana nayo kwa nusu saa au zaidi kutegemea longitudo. Tena programu huhesabu kuanzia usiku wa manane: 9.5 ni saa tatu na nusu asubuhi, si saa tisa na nusu. Kwa jumla ya siku nzima hili halina madhara, lakini ukitaka kulinganisha kivuli cha saa fulani na picha, litakuhangaisha.

La nne ni vitu vidogo visivyoonekana kwenye seli ya nusu mita: mlingoti wa antena, bomba la hewa, waya. Kivuli chake ni chembamba, lakini paneli ya kawaida imegawanywa mafungu matatu ya seli, kila fungu na daiodi yake, na seli moja ikizibwa fungu zima hukatwa. Theluthi ya paneli imekwenda kwa sababu ya mlingoti. Ramani haiwezi kulimaliza tatizo hili. Fundi atakayepanda paa ndiye atakayeliona.

Kompyuta ya aina gani inahitajika?

Kilomita moja ya mraba kwa seli za nusu mita ni seli milioni 4. Mji wa kilomita za mraba 100 ni seli milioni 400, mara 12 kwa miezi, na ramani za upeo juu yake. Kata vipande vya kilomita 1 kwa 1, kila kimoja na ukanda wake, uviendeshe sambamba. Kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 32 inaweza kuifanya kazi hii, mradi usiipe mji mzima kwa mkupuo.

Nitajuaje kama ramani inasema kweli?

Fanya uhakiki wa aina mbili. Wa kwanza ni wa vivuli: chukua picha ya angani yenye tarehe na saa inayojulikana, kokotoa vivuli vya dakika hiyo hiyo, ulaze kimoja juu ya kingine. Kivuli kikitofautiana urefu, vimo vina kosa. Kikitofautiana upande, saa au viwianishi vina kosa.

Wa pili ni wa umeme. Tafuta majengo ambayo tayari yana paneli na wenyewe wanakubali kutoa rekodi za inveta za mwaka mzima. Linganisha mwezi kwa mwezi, si mwaka kwa mwaka. Modeli ikizidisha kwa kiwango kile kile miezi yote, shaka iwe kwenye uwiano wa utendaji au vumbi. Ikizidisha miezi ambayo jua liko chini tu, kivuli kimekosewa. Ikizidisha msimu wa mawingu, rudi kwenye vigawo vya mawingu. Jumla ya mwaka inaweza kuwa sahihi kwa bahati huku makosa mawili yakifutana ndani yake.

Tuionyesheje kwa wananchi?

Weka madaraja machache, manne au matano, kwa kWh kwa mita ya mraba, na karibu na kila jengo onyesha mwaka ambao data za vimo zilipigwa. Jengo lililojengwa baadaye liwe na rangi ya kijivu yenye maneno "halijapimwa", lisiwe na rangi ya "halifai". Wenye nyumba hizo husoma rangi hiyo kama hukumu. Usiweke majina ya wamiliki wala makadirio ya matumizi yao ya umeme. Sasisha pale LiDAR mpya inapopatikana, na katikati ya hapo futa angalau majengo yaliyobomolewa na uongeze maghorofa mapya, kwa sababu ghorofa moja jipya hubadilisha namba za mapaa mengi yaliyolizunguka.

Paa langu limewekwa daraja la juu kabisa. Ninunue paneli?

Bado. Ramani imeona umbo la paa na anga lililo juu yake, haikuona kilicho chini. Paneli 35 za mfano wetu zina uzito wa kilo 700 hadi 800 kabla ya reli na vibanio, na kenchi zilizoliwa na mchwa hazionekani kutoka kwenye ndege. Mabati yaliyobakiza miaka mitano yabadilishwe kwanza, maana kushusha na kupandisha paneli ni gharama mara mbili. Paa la asbesto lisitobolewe kabisa. Mwite fundi apime kwa futi, akague kenchi, aangalie bodi ya umeme na njia ya nyaya.

Na shirika la umeme litaitumiaje?

Kwa kujumlisha mapaa kwa transfoma badala ya kwa kata. Mapaa ya mtaa mmoja huzalisha kwa wingi saa zile zile za katikati ya mchana, wakati nyumba nyingi hazina mtu. Umeme ukizidi matumizi, volti hupanda mwishoni mwa laini, na inveta hujizima zenyewe zikivuka kikomo zilichowekewa; anayeumia ni wa mwisho kwenye laini ingawa paa lake ni zuri kama la wa kwanza. Kwa kila transfoma, linganisha kilowati zinazowezekana juu ya mapaa yake na matumizi ya chini kabisa ya mchana, na ziada ikionekana, hapo ndipo pa kupanga betri, waya mnene zaidi au kikomo cha kilowati kwa kila nyumba kabla maombi hayajaanza kuingia.